KWA NINI BOMBA LA NYUMBANI HUVUJA?

Somo kwa Wanachama na Watu wa Nyumbani Mwao



Kurasa hizi aghalabu huzungumza habari za mikarafuu, majamvi na bei. Leo twaomba ruhusa tuingie ndani ya nyumba tutazame mabomba ya maji. Msidhani kuwa tumeiacha kazi yetu. Nyumba ya mkulima ndiyo ghala yake, na maji yanayovuja hayachagui pa kwenda. Huloanisha ukuta, huloanisha sakafu ya kuanikia, na huloanisha magunia ya karafuu kavu yanayongoja kupelekwa kituoni. Kazi ya miezi yaweza kuota ukungu kwa sababu ya tundu dogo kama la sindano.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike katika somo hili ni moja: mahali maji yanapoonekana, mara nyingi sipo yalipoanzia. Mtu huona ukuta umelowa, akaupiga lipu mpya, na baada ya mwezi ukuta umelowa tena. Huona kiungo kinadondosha, akakifunga mpira, na kesho chavuja cha jirani yake. Hajatengeneza kitu, ila ameficha. Basi kwanza tujue sababu, ndipo tushike spana.

MAJI NDANI YA BOMBA

Maji ya bomba si mageni katika visiwa vyetu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliyaleta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini Unguja. Mambo mengi yamebadilika tangu zama zile, lakini kanuni ya maji haikubadilika. Maji yaliyo juu husukuma kwenda chini, na ndani ya bomba husukuma pande zote yakitafuta pa kutokea. Tangi likiwa mita 10 juu ya bilula, kila sentimita mraba ya bomba lile hapo chini husukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 1. Nguvu hiyo haipumziki usiku wala mchana. Kwa hiyo penye udhaifu wowote, maji yatapajua kabla ya mwenye nyumba.

HASARA YAKE

Wahenga walisema, chururu si ndo ndo ndo. Ni kweli, lakini tuihesabu hiyo ndo ndo ndo. Matone 20 hivi hufanya mililita 1. Bilula inayodondosha tone 1 kila sekunde itadondosha matone 86,400 kwa siku, nayo ni zaidi ya lita 4. Kwa mwaka mzima zapita lita 1,500, yaani ndoo zaidi ya 75 za lita 20. Ama chururu ndiyo balaa. Chururu nyembamba inayojaza chupa ya lita 1 kwa dakika 5 humwaga lita 288 kwa siku moja, yaani ndoo 14 na zaidi. Mwenye mita atazilipia, na mwenye pampu atalipia umeme wa kuyapandisha maji hayo tangini. Asiye na hayo yote mawili atakosa maji ya kuogea jioni.

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko hiyo. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu na hunyonya. Mahali palipokuwa pakitoa maji sasa panaingiza, na kinachoingia ni maji machafu yaliyotuama pale chini, pengine karibu na shimo la choo. Maji yakirudi, uchafu ule husukumwa mpaka kwenye kata ya kunywea. Visiwa vyetu vimeonja kipindupindu zaidi ya mara moja, katika 1978, na tena katika 2015 na 2016. Hatusemi kuwa maradhi hayo huletwa na mabomba peke yake. Twasema kuwa bomba linalovuja ni mlango mmoja ulioachwa wazi, nasi twaweza kuufunga.

SABABU ZA KUVUJA

1. Viungo vibaya. Bomba lenyewe, likiwa zima, ni nadra kuvuja. Panapovuja kwanza ni pale bomba mbili zinapokutana. Katika mabomba ya chuma viungo hukazwa kwa hesi, na hesi peke yake haizuii maji. Hutakiwa kuzungushiwa katani na dawa yake, au utepe mweupe wa mafundi. Utepe huo uzungushwe kuelekea upande ule ule kinakozunguka kiungo kinapokazwa. Ukizungushwa kinyume, hukunjamana na kutoka. Wazee walitumia rangi nyekundu ya risasi. Hiyo msiitumie tena katika maji ya kunywa, kwani risasi ni sumu.

Katika mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa gundi, makosa ni matatu: bomba halikufutwa vumbi na maji, gundi haikupakwa kote, au maji yalifunguliwa kabla gundi haijakauka. Na yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine ya moto yataka kipimo. Moto ukiwa mdogo hayashikani. Ukizidi, plastiki huvimba ndani na kuziba njia. Tena wako wanaodhani kuwa kukaza sana ndiko kukaza vizuri. Kiungo cha plastiki kikikazwa kupita kiasi hupata ufa mwembamba usioonekana, nao hufunguka baada ya miezi.

2. Kutu. Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisishike kutu. Zinki hiyo huisha kidogo kidogo, na huisha upesi zaidi palipo chumvi. Sisi ni watu wa visiwa na chumvi imetuzunguka. Imo katika upepo wa pwani, imo katika maji ya visima vilivyo karibu na bahari, na imo katika mchanga wa ufukweni ambao wengine huujengea. Bomba likipitishwa ndani ya ukuta uliojengwa kwa mchanga wa bahari huliwa kutoka nje, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka rangi ya ukuta ianze kubanduka.

Kutu hupenda kuanza kwenye hesi, kwani hapo chuma kimekatwa kikawa chembamba na zinki yake imeondoka. Hupenda pia pale shaba inapogusana na chuma. Vitu hivyo viwili vikiungana moja kwa moja, na maji yakiwepo, chuma ndicho kinacholiwa. Dalili za kutu ni maji ya asubuhi yenye rangi ya chai, na vijivimbe vya rangi ya udongo juu ya bomba. Ukikiona kijivimbe, usikikwangue ili ujue kina nini. Huenda hicho ndicho kinachozuia maji yasitoke.

3. Kipira cha bilula kimekwisha. Hii ndiyo sababu ya matone mengi majumbani, nayo ni rahisi kuliko zote. Ndani ya bilula za kawaida mna kipira cha duara, mafundi hukiita washa, kinachokandamizwa juu ya kiti chake ili kuziba maji. Kila siku hukandamizwa na kuachiwa, mwisho kikalika. Mtu akiona bilula inadondosha huikaza kwa nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo hukimaliza upesi. Maji yetu mengi hutoka katika mawe ya chokaa, nayo huacha magaga meupe kwenye bilula. Magaga yakishika juu ya kiti, hata kipira kipya hakizibi.

4. Boya la tangi. Boya hupanda pamoja na maji na kufunga njia tangi likijaa. Likitoboka likaingia maji, au mkono wake ukipinda, halifungi tena, na tangi humwagika usiku kucha kupitia bomba la ziada. Wengi huyaona maji hayo chini wakadhani bomba limepasuka. Vivyo hivyo katika tangi dogo la choo. Huko maji huteremka chooni kimya kimya bila ya sakafu kulowa.

5. Jua. Bomba nyeupe la plastiki ngumu likipitishwa juu ya paa au nje ya ukuta bila kifuniko, jua hulifanya likakauka na kuwa jepesi kuvunjika. Miaka ikipita, nazi moja ikiliangukia hupasuka kama kigae. Bomba nyeusi la mpira wa plastiki hustahimili jua zaidi. Lile jeupe lizikwe, au lipakwe rangi ya maji, au lifunikwe.

6. Ardhi na vilivyomo. Bomba lililozikwa kina cha vidole vinne halikuzikwa, limefichwa jembe tu. Gari la mizigo likipita juu yake mara kumi, kiungo huachia. Wakati wa masika udongo hulainika na kudidimia, na bomba lililolala juu ya jiwe huvunjika hapo jiweni. Kwa hiyo lizikwe angaa nusu mita, lilazwe juu ya mchanga laini usio na mawe, na lisipite karibu na shina la mti mkubwa. Mizizi hufuata unyevu; ikipata kiungo kinachotoa jasho, hukizunguka na kukisukuma. Na palipo panya, bomba laini la plastiki hutafunwa.

7. Kishindo cha maji. Mnapofunga bilula kwa ghafula huenda mkasikia kishindo ukutani. Ni maji yaliyokuwa yakienda mbio yakasimamishwa mara moja. Nguvu yao yote hugonga bomba na viungo. Kishindo kama hicho hutokea pia maji yanaporudi baada ya kukatika, kwa sababu yanasukuma hewa mbele yao. Ikiwa mwatumia maji ya mgao, acheni bilula moja ya chini wazi kidogo saa ya maji kurudi, na mtu awe karibu yake. Hewa itatoka kwa salama. Tena mabomba yote ya ukutani yafungwe kwa vibanio, yasichezecheze.

8. Tangi linalozama. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima, mbali na uzito wake lenyewe. Likiwekwa juu ya magogo, au juu ya kijukwaa cha matofali kisicho na msingi, huzama upande mmoja kidogo kidogo, na bomba lililoungwa chini yake hupindwa mpaka liachie. Katika hali hii kutengeneza bomba hakufai kitu. Jukwaa ndilo la kutengenezwa kwanza.

JINSI YA KUTAFUTA MVUJO USIOONEKANA

Penye mita kazi ni rahisi. Usiku watu wakiisha kulala, fungeni bilula zote, mwandike tarakimu za mita. Kabla mtu hajafungulia maji ya udhu alfajiri, zisomeni tena. Zikibadilika, maji yanapotea mahali. Sasa fungeni koki ya kuingilia nyumbani, mngoje saa 1 bila ya kutumia maji. Mita ikisimama, mvujo u upande wa nyumba. Ikiendelea kwenda, mvujo u kati ya mita na koki hiyo.

Pasipo mita, jazeni tangi, mlifunge lisiingize wala lisitumike, mtie alama ya chaki pale maji yalipofika. Asubuhi tazameni alama. Kwa choo, tieni chai ya rangi iliyokolea katika tangi lake dogo, msivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini, kifuniko cha tangi hakizibi.

Pia tumieni macho. Majani yaliyonawiri mahali pamoja wakati wa kiangazi, sakafu iliyo baridi kuliko nyingine, chumvi nyeupe inayochanua ukutani, mchwa wanaorudi pale pale kila wakipigwa dawa; hizi zote ni dalili za unyevu, na zafaa kuchunguzwa. Mwenye nyumba ya miti na udongo awe na hadhari zaidi, maana ukuta wa udongo ukinywa maji kutoka chini huweza kuanguka bila ya kuaga.

SOMO LA MKONO: KUBADILI KIPIRA CHA BILULA

Kazi hii haihitaji fundi. Kijana wa miaka 15 aliyefundishwa huiweza.

(a) Fungeni koki ya kuingilia, kisha fungueni bilula mpaka maji yaishe.
(b) Zibeni tundu la beseni kwa kitambaa, parafujo isije ikatumbukia.
(c) Fungueni kichwa cha bilula kwa spana. Wekeni kitambaa kati ya spana na bilula isichubuke.
(d) Toeni kipira cha zamani, mkipeleke dukani kama kilivyo. Msikadirie kwa macho. Kipya kiwe sawa nacho.
(e) Pitisheni kidole juu ya kiti ndani ya bilula. Kikiwa na magaga, yasugueni kwa kitambaa chenye siki. Kikiwa kimechimbika, kipira kipya hakitasaidia, yafaa bilula nyingine.
(f) Rudisheni vyote kwa mpango ule ule, mkaze kwa kiasi, mfungulie koki pole pole.

Bilula ikidondosha tena siku ya pili, msiikaze kwa nguvu. Ifungueni tena mtazame kiti.

BOMBA LIKIPASUKA GHAFULA

Ikiwa maji yamefika penye nyaya au pampu ya umeme, msikanyage maji hayo. Zimeni umeme kwanza kwenye swichi kuu, mradi hiyo swichi yenyewe i mahali pakavu. Kisha fungeni koki, mfungue bilula iliyo chini kuliko zote ili bomba litoke maji. Mahali palipopasuka pafuteni, mzungushe mpira wa ndani wa baiskeli kwa kuuvuta sana, tabaka juu ya tabaka, mpaka upite kipande cha mkono kila upande, mkafunge kwa waya. Hii ni dawa ya siku mbili tatu tu. Kipande kibovu hukatwa na kutiwa kizima. Bomba la chuma lililotoboka kwa kutu mahali pamoja, aghalabu limekwisha kuliwa mahali pengine, na kulipa fundi mara tano kwa matundu matano ni ghali kuliko kubadili bomba lote mara moja.

Mvujo ukiwa nje, kabla ya mita au barabarani, si kazi yenu kuufukua. Pelekeni habari kwa Mamlaka ya Maji, na mpaka watakapofika chemsheni maji ya kunywa.

KABLA YA MSIMU

Wakati mzuri wa kukagua mabomba ni kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Msimu ukiingia, nyumba hujaa wachumaji, bilula hazilali, na hakuna mwenye nafasi ya kumtafuta fundi. Basi siku moja ya mapumziko tembeeni na bomba tangu mita mpaka tangi, na tangu tangi mpaka jikoni na chooni. Gusa kila kiungo kwa mkono mkavu. Mkono huona jasho ambalo jicho halioni. Zungusheni koki kuu mara moja ili isigande, na kila mtu wa nyumbani, hata watoto, aonyeshwe ilipo na inavyofungwa. Tazameni pia sakafu ya kuanikia. Ikiwa kuna upembe usiokauka hata jua la saa sita, msianike hapo karafuu mpaka mjue maji yatoka wapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bomba linalovuja ni hatari kwa afya hasa wakati maji yamekatika?
2. Ukuta wa chumba umelowa. Utafanya nini kabla ya kuupiga lipu?
3. Mita imesimama baada ya kufunga koki ya nyumbani. Mvujo u upande gani?
4. Bomba lililoungwa chini ya tangi limeachia mara ya tatu mwaka huu. Utatengeneza nini kwanza?
5. Je, kila mtu nyumbani kwako anajua koki kuu ilipo?

Atakayeweza kulijibu swali la tano kwa kusema ndiyo amefaidi nusu ya somo hili. Nusu nyingine ataipata usiku wa leo, akiisha kufunga bilula zote na kwenda na taa kusoma mita.